Dola milioni 70 za ai.com zinawapotosha wauza majina

Tangu Februari 2026, ilipofahamika kwamba Kris Marszalek, mmoja wa waanzilishi wa Crypto.com, kampuni ya sarafu za kidijitali, alilipa dola milioni 70 kwa ajili ya jina la tovuti, yaani domeini, ai.com, makundi ya WhatsApp ya vijana wa teknolojia wa Dar es Salaam na Nairobi yamepata wimbo mpya: sajili majina mazuri, kaa nayo, tajiri atakuja. Habari yenyewe sina ugomvi nayo. Jina liliuzwa, malipo yakafanywa kwa sarafu za kidijitali, na dunia nzima ikaisoma. Ninachokipinga ni somo linalochotwa humo. Kusubiri miaka mingi na kumwachia dalali azungumze na matajiri wachache ni mkakati unaofaa majina machache mno duniani. Mwenye jina la dola 2,000 akiuiga, ada za kila mwaka zitamla polepole huku simu yake ikiwa kimya. Majina ya kawaida huuzwa kwa njia iliyo kinyume kabisa: bei iwekwe wazi, jina lionekane pale mnunuzi anapotafuta, mlango wa kulipa kwa awamu uwe wazi, na mwenye majina awe na ubavu wa kuyaachia yale yasiyo na mnunuzi.

Tuanze na jinsi soko lenyewe linavyokwenda, maana makosa mengi huzaliwa hapo. Jina la .com ambalo halijachukuliwa hupatikana kwa bei ya chini sana. Kampuni ya Verisign inayoendesha .com humtoza msajili, yaani kampuni inayokusajilia jina, dola 10.26 kwa mwaka, naye msajili huongeza faida yake kidogo. Majina ya .com yaliyokwisha kusajiliwa yanazidi milioni 150, kwa hiyo karibu kila neno la Kiingereza lenye maana limeshakwenda. Anayelitaka hana budi kulinunua kwa aliyenalo, na hilo ndilo soko la pili. Ndani yake kuna masoko ya wazi kama Sedo ya Cologne, Ujerumani, na Afternic iliyo chini ya GoDaddy. Kuna minada ya majina yaliyoisha muda. Kuna kampuni zinazodaka majina sekunde yanapoachiwa, baada ya siku 30 za kumpa mwenyewe nafasi ya kulikomboa na siku 5 za kusubiri kufutwa. Na kuna madalali, ambao kazi yao huanza pale fedha zinapokuwa nyingi kiasi cha mnunuzi kutotaka jina lake lijulikane. Katika soko hilo wafanyabiashara wa majina huuziana wenyewe kwa wenyewe kwa bei ya jumla, na mara chache huwauzia watumiaji halisi, yaani kampuni inayotaka kulitumia jina, kwa bei ya rejareja. Pengo kati ya bei hizo mbili ndilo biashara yote. Asiyelijua hununua kwa bei ya rejareja kisha akauza kwa ya jumla.

Sasa itazame ai.com kwa macho ya muuzaji. Alfabeti ina herufi 26, kwa hiyo majina ya .com ya herufi mbili hayawezi kuzidi 676, na hayataongezeka kamwe. Hili moja kati yake limetokea kuwa ndilo jina la teknolojia inayomeza fedha nyingi kuliko nyingine zote kwa sasa. Lakini uchache peke yake hautoshi kuieleza bei, na hapa ndipo wachambuzi wengi wanapopita haraka. Mtazame mnunuzi. Kampuni ya Marszalek iliitwa Monaco hadi mwaka 2018, iliponunua jina crypto.com na kujibatiza upya. Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo iliripotiwa kukubali kulipa dola milioni 700 kwa miaka 20 ili uwanja wa Staples Center wa Los Angeles uitwe Crypto.com Arena. Alipoizindua ai.com alitumia tangazo la Super Bowl, fainali ya kandanda ya Kimarekani, ambako sekunde 30 mwaka huo zilifika dola milioni 8 hivi, na tovuti ikazidiwa na wageni usiku uleule. Mtu aliyekwisha kuona kwa macho yake jina linavyoibeba kampuni, na ambaye bajeti yake ya matangazo huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni, anailinganisha domeini na gharama ya uwanja. Kwake dola milioni 70 ni sehemu ya kumi ya mkataba wa Los Angeles, na jina halimaliziki baada ya miaka 20. Bei ya jina huamuliwa na mfuko wa mnunuzi na jambo analotaka kulifanya. Uzuri wa jina humleta mezani tu.

Kuna jambo jingine ambalo waimbaji wa subira hawalitaji. Jina hilo halikukaa gizani likisubiri bahati. Mapema mwaka 2023 aliyeandika ai.com alijikuta kwenye ChatGPT, na watu wakaamini OpenAI imelinunua. Agosti mwaka huohuo likaelekezwa kwa kampuni ya xAI ya Elon Musk, na vyombo vya habari vikaandika tena. Kila lilipogeuzwa njia, jina lilipata matangazo ya bure na kila mshindani akakumbushwa kwamba mwenzake angeweza kulichukua. Huko ni kuuza kwa bidii, tena kwa ustadi.

Tupige hesabu ya mtu wa kawaida. Chukua kijana mwenye majina 200 ya .com, kila moja likimgharimu dola 11 kwa mwaka. Hiyo ni dola 2,200 kila mwaka, aamke asiamke. Kipimo kinachotumiwa sana na wazoefu wa biashara hii ni kwamba hazina nzuri ya majina huuza kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwaka. Tumpe asilimia moja na nusu: majina matatu. Ili tu arudishe ada, kila jina liuzwe dola 733. Soko likikata asilimia 20, bei inapaswa kufika karibu dola 920, na hapo hajarudisha hata senti ya fedha za kununulia, wala hajajilipa jasho lake. Kumbuka pia kwamba asilimia hiyo ni ya hazina nzuri. Aliyekaa usiku mmoja akasajili majina 200 yaliyoachwa na dunia nzima asitegemee hata nusu yake. Ndiyo maana mkakati wa kuuza huanza na wa kununua, na wa kununua huanza na swali moja gumu: ni kampuni gani hasa, na ngapi za namna hiyo, zingeweza kulihitaji jina hili ndani ya miaka mitano? Jibu likiwa "mtu yeyote anaweza kulipenda", hapo hakuna mnunuzi.

Watetezi wa kukaa na jina wana hoja nyingi, na dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi kwetu: domeini ni kiwanja cha mtandaoni, nunua leo Kigamboni kabla daraja halijajengwa. Mfano huo unavutia na unapotosha. Kiwanja kikikaa bila jengo bado unaweza kulima mchicha, kukodisha kwa fundi wa matofali, au kukiweka dhamana. Jina lililokaa bure zamani liliweza kuingiza senti kwa kuwekewa matangazo, lakini mwaka 2025 Google ilianza kuyaondoa matangazo ya wateja wake kwenye kurasa za namna hiyo, na mapato yakaporomoka. Kiwanja kina jirani aliyeuza mwaka jana, bei yake inakuongoza. Majina mawili yanayotofautiana kwa herufi moja yanaweza kupishana bei mara elfu. Zaidi ya hayo, hakuna anayeweza kutengeneza Kigamboni nyingine, ilhali mtu anayetafuta jina la duka lake la viatu anaweza kuongeza neno mbele, kubadili kiishio (ile sehemu ya mwisho kama .com), au kubuni jina jipya kabisa kabla chai haijapoa. Subira yavuta heri, ndiyo, ila subira ya domeini huja na ankara kila mwaka.

Hoja yao yenye nguvu ni nyingine, na inastahili heshima. Wanasema: ukitaja bei, umejifunga. Hujui aliye upande wa pili ni fundi simu wa Tandika au ni kampuni yenye mabilioni inayojificha nyuma ya barua pepe ya Gmail. Mmarekani Rick Schwartz amejenga jina lake lote katika biashara hii kwa kukataa dau baada ya dau. Mwaka 2009 aliuza candy.com kwa dola milioni 3. Facebook ililipa dola milioni 8.5 kupata fb.com kutoka kwa chama cha wakulima cha Marekani, ambacho kilikuwa kikilitumia jina hilo kwa shughuli zake na hakikuwa na haja ya kuliuza. Musk mwenyewe aliwahi kusema kwamba tesla.com ilimchukua zaidi ya miaka kumi na dola milioni 11, na kwa muda wote huo kampuni yake iliishi kwenye teslamotors.com. Laiti mwenye jina angeandika bei ya dola 50,000 mwaka 2005, angekuwa amejipunja vibaya.

Ni kweli, na ndiyo sababu sisemi kila jina litajwe bei. Lakini tazama majina yanayotolewa mfano: neno moja la kawaida, herufi mbili, jina la kampuni iliyokwisha kuwa kubwa duniani. Mnunuzi wa tesla.com hakuwa na pa kwenda. Mwenye jina alijua, na mnunuzi alijua kwamba anajua. Ukosefu wa mbadala ndio unaolipa subira. Sasa chukua jina la maneno mawili, tuseme linaloeleza usafirishaji wa mizigo au mkopo wa pikipiki. Anayelitafuta ana majina mengine tisa kwenye karatasi yake, mwenzake wa biashara anamharakisha, na mbunifu wa nembo anasubiri. Akifika kwenye ukurasa wako akakuta "toa dau lako", atafikiria mambo mawili: kwamba hapa nitapigwa, na kwamba majibu yatachukua wiki. Anafunga ukurasa na kuchukua jina la pili kwenye orodha. Wewe hutajua kwamba alikuja. Muuzaji anahesabu hasara ya jina aliloliuza rahisi kwa sababu anaiona; wateja kumi waliogeuka mlangoni hawaoni.

Kuna sababu ya kiufundi pia, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi. Masoko makubwa yamejiunganisha na wasajili. Jina likiwekwa Afternic kwa bei iliyotajwa na likakubaliwa kuhamishwa papo hapo, hutokea kwenye kisanduku cha kutafutia cha wasajili wengi duniani, kando ya kitufe cha kununua. Sedo ina mtandao wake wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba mtu wa Toronto anayesajili jina la kampuni yake saa nane usiku, ambaye hajawahi kusikia kwamba kuna soko la pili, anakuta jina alilolitaka lipo kwa dola 1,988 na analipa kwa kadi. Jina lisilo na bei halionyeshwi hivyo. Kamisheni ya masoko hayo, kati ya asilimia 15 na 25 kutegemea mpangilio uliouchagua, inauma, lakini inanunua rafu ambayo huwezi kuijenga mwenyewe. Na tangu mwaka 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipowafanya wasajili wafiche majina na simu za wamiliki, mnunuzi hana njia rahisi ya kukupata. Kama jina lako halina ukurasa unaosema linauzwa, yeye huona ukuta.

Kupanga bei ni kazi ya mkono, na hapa wengi huharibu kwa kuamini mashine. Vikokotoo vya thamani vinavyotolewa bure na wasajili hukuambia jina lina dola 1,400, na mtu analala akiota. Namba hiyo imetokana na mauzo yaliyopita ya maneno yanayofanana. Haimjui mnunuzi wako. Afadhali kupitia tovuti ya NameBio, yanakokusanywa mauzo yaliyotangazwa, ukatafuta majina ya muundo uleule, neno la aina ileile, kiishio kilekile, kisha ukakumbuka kwamba yaliyomo humo ni yaliyouzwa tu, na yaliyokwama hayajaandikwa popote. Baada ya hapo jiulize ni kampuni ngapi duniani zinatumia neno hilo kwa viishio duni. Zikiwa tatu, punguza bei na uza. Zikiwa mia tatu, ongeza na usubiri, maana hapo subira ina msingi. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa aliwahi kupata barua ya mnunuzi aliyekubali bei bila kubisha, akidai tu "cheti cha tathmini" kutoka tovuti aliyoitaja yeye mwenyewe, ada dola mia na ushee. Huo ni utapeli mkongwe: hakuna mnunuzi, na tovuti ya tathmini ni ya tapeli mwenyewe. Mnunuzi wa kweli hahitaji cheti. Anahitaji mtunza amana anayeaminika, ambaye hushika fedha hadi jina lihamie upande wa pili, kisha hukulipa. Escrow.com imefanya kazi hiyo tangu 1999, na matapeli wameiga sura yake mara nyingi, kwa hiyo andika anwani yake mwenyewe na usibofye kiungo ulichotumiwa na mnunuzi.

Malipo ya awamu yanastahili kuzungumzwa zaidi kuliko yanavyozungumzwa. Bei kubwa zaidi ya domeini iliyowahi kuripotiwa, ukijumlisha malipo yote, ni ya LasVegas.com, iliyofika dola milioni 90, lakini hakuna aliyeandika hundi ya kiasi hicho. Mkataba wa mwaka 2005 ulikuwa wa kianzio cha dola milioni 12 na malipo ya kila mwezi yaliyopangwa kufika hadi mwaka 2040. Masoko ya leo yameushusha mpango huo hadi kwa majina madogo: mnunuzi analitumia jina tangu siku ya kwanza, soko linashikilia umiliki, na akishindwa kulipa jina linarudi kwako pamoja na ulichokwisha kukusanya. Kampuni changa isiyoweza kutoa dola 3,000 leo inaweza kutoa dola 130 kwa mwezi kwa miaka miwili bila kuitisha kikao cha wakurugenzi. Kwa muuzaji, malipo machache ya namna hiyo yakiingia kila mwezi hulipa ada za hazina nzima, na presha ya kuuza kwa hasara mwezi wa kuhuisha majina huisha. Asiyekuwa na presha hujadiliana vizuri zaidi. Hapo subira hupata wa kuigharimia.

Je, umfuate mnunuzi mwenyewe? Wanaopinga husema kubisha hodi kunashusha bei, na ni kweli: anayefuatwa hujua kwamba unauza, naye hakuwa akitafuta. Lakini majina yanayotaja kazi na mahali, kama mawakili wa mji fulani au utalii wa mlima fulani, yana wanunuzi wanaohesabika, na wengi wao hawatakuja wenyewe. Hapo barua fupi yenye bei ndani yake ni halali na inafaa. Mpaka wake ni alama ya biashara. Utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, wa kusuluhisha migogoro ya majina, ulioanza mwaka 1999, humnyang'anya mtu jina kama linafanana na alama ya mwingine, hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Moja ya ushahidi wa nia mbaya uliotajwa kwa maandishi ni kumtaka mwenye alama alinunue kwa bei inayozidi gharama zako. Kwa hiyo kijana aliyesajili jina la benki mpya kisha akaiandikia benki kuitaka dola 20,000 ameandika mwenyewe hati ya mashtaka. Benki italipa ada ya dola 1,500 kwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, ambayo hushughulikia migogoro ya .com na pia ya .tz, na italichukua jina bila kumlipa chochote. Mambo haya huku kwetu huitwa ujanja wa mjini. Ni njia ya kupoteza ada ya usajili na heshima kwa pamoja. Hata maneno ya Kiswahili hayako huru moja kwa moja: Disney ilisajili "Hakuna Matata" Marekani kwa ajili ya nguo mwaka 2003, na kelele za kuipinga zilizopigwa mwaka 2018 hazikuwa bure.

Wapo pia wanaosema biashara yote hii inakufa. Hoja ya kwanza ni kwamba viishio vinaongezeka bila mwisho: maombi 1,930 yaliletwa mwaka 2012, zaidi ya viishio 1,200 vikaanza kutumika, na ICANN imepanga kupokea maombi mengine mwaka huu wa 2026 kwa ada ya dola 227,000 kila ombi. Hoja hiyo imeshajaribiwa na imeshindwa. Viishio hivyo vyote vimekuja, na mauzo makubwa bado ni ya .com kwa wingi, kwa sababu mteja akisahau kiishio huandika .com, na mwenye biashara anajua barua zake zitapotelea huko. Hoja ya pili ni nzito: watu hawaandiki tena anwani, wanauliza roboti za akili unde. Hapa nakubali nusu. Majina marefu yaliyojaa maneno ya utafutaji, yaliyotegemea Google kuyapandisha juu, yalianza kuugua tangu Google ilipobadilisha mfumo wake Septemba 2012, na roboti zitayazika. Lakini roboti nazo zinahitaji jina la kumtajia mtu, na barua pepe ya ankara bado inahitaji anwani ambayo mhasibu wa mteja ataiamini. Jina fupi linalosemeka redioni bila kurudiwa herufi moja moja linaongezeka thamani. Muuzaji mwenye akili achague mwaka huu majina ya kuhuisha kwa kipimo hicho.

Viishio vya nchi vilivyogeuka mtindo navyo vina hesabu yake. Anguilla, kisiwa cha watu wapatao 16,000, kiliingiza karibu dola milioni 32 mwaka 2023 kutokana na kiishio chake, .ai, zaidi ya sehemu ya tano ya mapato ya serikali. Sehemu ya fedha hizo imetoka kwa walanguzi waliosajili majina ya .ai kwa kuwa akili unde imevuma. Jina la .ai husajiliwa kwa angalau miaka miwili, na mwaka 2025 bei ya wanaoliendesha .ai wenyewe ilikuwa dola 140 hivi. Aliyeshika 50 kwa bei hiyo alilipa dola 7,000 kwa miaka miwili, mara sita na zaidi ya gharama ya .com, huku wanunuzi wakiwa kampuni changa ambazo nyingi hazitaona mwaka wa tatu. Faida ipo kwa neno moja safi, la kawaida, na kwa mauzo ya haraka wakati moto unawaka. Kukaa nalo miaka kumi ni kamari nyingine kabisa. Walioshika .io, kiishio cha Visiwa vya Chagos, wanaijua hofu hiyo: mkataba wa Uingereza na Mauritius kuhusu visiwa hivyo, uliotiwa saini Mei 2025, umezua swali la hatima ya kiishio hicho, na .yu ya Yugoslavia ilifutwa kweli mwaka 2010.

Kwa muuzaji wa Afrika Mashariki yote haya yana maana mbili ambazo nadhani hazijasemwa vya kutosha. Kwanza, majina mafupi ya Kiswahili kwenye .com yana wanunuzi, ila wengi wao hawako hapa. Apple iliita kivinjari chake Safari, mchezo wa Jenga umeuzwa duniani tangu 1983, na kuna kampuni ya magodoro Uingereza inaitwa Simba. Wageni hupenda maneno yenye irabu nyingi yasemekayo kirahisi, na hawahitaji kujua maana. Jina kama hilo liwekwe kwenye mitandao ya kimataifa, kwa bei ya dola inayopimwa kwa mfuko wa kampuni changa ya London, si kwa mfuko wa duka la Kariakoo, na maelezo ya ukurasa yaandikwe kwa Kiingereza.

Pili, majina ya .co.tz na .co.ke hayana rafu ile ya Afternic na Sedo. Vitufe vya kuhamisha papo hapo havifanyi kazi kwa viishio vingi vya nchi, kwa hiyo mnunuzi hatalikuta jina lako kwenye kisanduku cha msajili wa Marekani, na mnunuzi wenyewe ni kampuni ya hapa ambayo mkurugenzi wake anapokea simu. Huko kubisha hodi ndio mkakati mkuu, na bei huanzia kwenye gharama ya kubadilisha kibao na kadi za biashara. Kinachokwamisha zaidi ni uhamisho wa umiliki: fomu, barua zenye mhuri, msajili asiyejibu kwa wakati. Kenya ilifungua majina mafupi ya moja kwa moja chini ya .ke mwaka 2017, na kwa hiyo kuna bidhaa ya kuuza. Kama KeNIC, wasimamizi wa .ke, na wenzao wa .tz wangeweka utaratibu wa uhamisho unaomalizika mtandaoni kwa siku moja, pamoja na mtunza amana anayepokea M-Pesa, kijana wa Kisumu angekuwa na soko lake la kuuzia jina la shilingi 40,000. Hadi hapo, majina yake mazuri ya .com ayawekee bei leo, na yale mengine ambayo hakuna kampuni hata moja inayomjia akilini anapoyasoma, ayaache yaishe muda.